Kivinjari cha kazini kinapozua mambo: dalili, chanzo na mahali pa kusimama

Mfanyakazi anayepiga simu dawati la Tehama hasemi kwamba kivinjari chake kimevamiwa. Anasema matangazo yanachomoza kwenye kona ya skrini, au akitafuta kitu anapelekwa kwingine, au tovuti ya benki inagoma kufunguka, au mfumo umemtoa nje katikati ya kazi. Mwongozo huu umefuata maneno hayo hayo, na ni wa wanaopokea simu hizo katika kampuni yenye mamia au maelfu ya kompyuta. Kwa ukubwa huo, tatizo la mtu mmoja aghalabu lipo pia kwa wengine ambao bado hawajapiga simu. Kwa hiyo kila dalili ina kazi mbili: kumhudumia aliyepiga, kisha kurekebisha sera ya kampuni ili wenzake wasifike alipofika.

Kabla ya kugusa chochote

Usianze kwa kufuta. Mazoea ya kusafisha historia, kung'oa viendelezi (programu ndogo zinazoongezwa kwenye kivinjari) na kurudisha kivinjari upya ndani ya dakika tano humfurahisha mfanyakazi, lakini hupoteza kila alama ambayo ingeonyesha kilichotokea. Piga picha ya skrini, andika saa, halafu uliza maswali mawili: tatizo lilianza lini, na siku hiyo alisakinisha nini au alibofya nini.

Kisha angalia kama kompyuta hiyo inapokea sera za kampuni, yaani mipangilio ya lazima ambayo kampuni huiwekea vivinjari vyake vyote. Kwenye Chrome andika chrome://policy katika upau wa anwani, kwenye Edge andika edge://policy, na kwenye Firefox about:policies. Ukurasa ukiwa mtupu kwenye kompyuta ya kampuni, umeshapata nusu ya jibu: kivinjari hicho hakina mwenyewe. Mwisho, tazama amefungua wasifu upi. Wengi wana wasifu wa kazi na wa binafsi kwenye kivinjari kimoja, na tatizo huwa limejificha kwenye ule ambao hakuutaja.

Dalili: "Matangazo yanachomoza pembeni, mengine yanasema nina virusi"

Chanzo cha kawaida kuliko vyote ni arifa. Mfanyakazi aliingia kwenye tovuti ya filamu, ya mpira au ya kubadilisha mafaili, ikamwambia abofye "Ruhusu" ili kuthibitisha kwamba yeye si roboti, akabofya. Tangu hapo tovuti hiyo ina ruhusa ya kutuma ujumbe unaotokea kwenye kona ya Windows kana kwamba umetoka kwenye kompyuta yenyewe. Hakuna kirusi hapo, na ndiyo maana programu ya kuzuia virusi haioni kitu. Fungua chrome://settings/content/notifications, tafuta anwani usizozijua kwenye orodha ya zilizoruhusiwa, uziondoe. Matangazo yakikoma papo hapo, umemaliza upande wake.

Yasipokoma, angalia viendelezi; dalili inayofuata inaeleza namna. Cha tatu, na cha nadra zaidi kwenye kompyuta zinazosimamiwa vizuri, ni programu ya matangazo iliyoingia kwenye Windows ikiwa imefungashwa na kitu kingine, kama kisoma PDF cha bure. Hiyo utaikuta kwenye orodha ya programu zilizosakinishwa au kwenye kazi zilizoratibiwa za Windows.

Kwa kampuni nzima, weka sera ya DefaultNotificationsSetting iwe 2, yaani tovuti zote zikatazwe kutuma arifa, halafu ruhusu chache kupitia NotificationsAllowedForUrls: barua pepe, kalenda, mfumo wa mawasiliano ya ofisi. Kwa maoni yangu hii ndiyo sera yenye faida kubwa kwa jasho dogo. Hakuna kazi halali inayosimama kwa sababu tovuti ya matokeo ya mpira imenyimwa arifa.

SIMAMA iwapo mfanyakazi alipiga namba iliyoandikwa kwenye tangazo, au alimruhusu mtu aingie kwenye kompyuta yake kwa AnyDesk, TeamViewer au programu kama hizo. Hilo limeshavuka mpaka wa matangazo. Chomoa kebo ya mtandao au zima Wi-Fi, usizime kompyuta, na ita timu ya usalama wa mifumo.

Dalili: "Nikitafuta kitu napelekwa tovuti nyingine" au "ukurasa wa kwanza umebadilika"

Hapa karibu kila mara ni kiendelezi. Fungua chrome://extensions na usome orodha pamoja na mfanyakazi. Anachokumbuka kukiweka mwenyewe, kwa sababu anayoijua, kiwe upande mmoja. Asichokumbuka, kizime kwanza badala ya kukifuta, ujaribu kutafuta tena. Vizime kimoja kimoja. Ukizima vyote kwa mkupuo hutajua mkosaji ni yupi, na jina lake utalihitaji kwa ajili ya kompyuta nyingine zote.

Chanzo cha pili kinawachanganya wengi: kiendelezi kizuri kilichogeuka. Kiendelezi hujisasisha chenyewe, kwa hiyo ulichokikagua mwaka jana huenda si kile kilichopo leo. The Great Suspender, kiendelezi cha kulaza vichupo kilichokuwa na watumiaji zaidi ya milioni 2, kilipata mmiliki mwingine mwaka 2020, na Februari 2021 Google ikakiondoa kwa kuwa na msimbo hasidi. Kisa cha Cyberhaven kinatisha zaidi, maana hiyo ni kampuni ya usalama yenyewe. Mkesha wa Krismasi ya 2024 mfanyakazi wake mmoja alipokea barua pepe ya ulaghai iliyojifanya kutoka duka la viendelezi la Chrome, akatoa idhini iliyoombwa, na wavamizi wakapakia toleo lenye sumu la kiendelezi cha kampuni hiyo, namba 24.10.4. Liliwafikia watumiaji tarehe 25 Desemba bila yeyote kubofya chochote, na kazi yake ilikuwa kuiba vidakuzi, yaani kumbukumbu ndogo ambazo tovuti huweka kwenye kivinjari ili imtambue aliyekwisha kuingia. Viendelezi vingine kadhaa vilinaswa katika wimbi hilo hilo.

Chanzo cha tatu: kitufe cha kuondoa kiendelezi hakibofyeki, na kivinjari kinasema kinasimamiwa na shirika. Linganisha chrome://policy na orodha rasmi ya kampuni. Ukiona kiendelezi kimelazimishwa na ExtensionInstallForcelist ilhali nyinyi hamkukiweka, basi programu hasidi imejiandikia sera yake kwenye rejista ya Windows (hifadhi ya mipangilio ya mfumo), kwenye HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Policies\Google\Chrome au mahali panapofanana napo kwa mtumiaji huyo. Ili kuandika kwenye njia hiyo ya kwanza ilihitaji haki za msimamizi. SIMAMA. Kufuta mstari ule wa rejista kutaondoa dalili na kumwacha aliyeuandika. Kompyuta hiyo itengwe, ichunguzwe, na kwa kawaida isakinishwe upya.

Marekebisho ya kudumu ni kugeuza utaratibu: viendelezi vyote vikatazwe kwa kuweka alama ya nyota (*) kwenye ExtensionInstallBlocklist, kisha vilivyoidhinishwa viorodheshwe kwenye ExtensionInstallAllowlist. Edge ina sera za majina hayo hayo kwa sababu tangu Januari 2020 imejengwa juu ya Chromium, msingi ule ule wa Chrome, na Firefox ina ExtensionSettings inayofanya kazi hiyo. Ila msiiwashe siku ya Jumatatu asubuhi bila maandalizi. Kusanyeni kwanza orodha ya viendelezi vilivyopo kwenye kompyuta zote. Huduma ya Google ya kusimamia Chrome kutoka kwenye wingu inatoa ripoti hiyo. Mtakuta mhasibu anayetegemea kiendelezi cha saini za kielektroniki, na pengine mfanyakazi asiyeona vizuri anayetegemea kiendelezi cha kukuza maandishi. Huyo wa mwisho mkimzimia chombo chake bila taarifa mmemzuia kufanya kazi kabisa, na hakuna hoja ya usalama inayotetea jambo hilo. Idhinisheni kabla ya kukataza.

Wakati wa kuidhinisha, jina na nyota za duka visiwatoshe. Someni ruhusa. Kiendelezi kinachoomba kusoma na kubadilisha data kwenye tovuti zote kinaweza kuona kila kinachoandikwa kwenye mfumo wa mishahara. Mkilazimika kukikubali, sera ya ExtensionSettings ina kipengele cha runtime_blocked_hosts kinachokizuia kugusa anwani mtakazozitaja. Wekeni humo anwani za mifumo ya ndani na za ukurasa wa kuingilia. Kipengele hiki hakitumiki inavyostahili.

Dalili: "Muunganisho wako si wa faragha"

Uliza kwanza: ni tovuti moja au zote? Halafu soma msimbo ulio chini ya onyo, kwa sababu msimbo ndio unaokupa njia.

NET::ERR_CERT_DATE_INVALID kwenye tovuti nyingi kwa pamoja ni saa ya kompyuta. Tarehe imerudi nyuma miaka kadhaa, mara nyingi kwa sababu betri ndogo ya ubao mama imekufa. Rekebisha saa, badilisha betri. Msimbo huo ukitokea kwenye tovuti moja tu, cheti cha tovuti hiyo (kitambulisho chake cha kidijitali) kimeisha muda, na mwenye kukihuisha ni mwenye tovuti.

NET::ERR_CERT_AUTHORITY_INVALID kwenye mtandao wa ofisi huletwa zaidi na proksi ya kampuni, yaani seva ya kati inayofungua na kukagua mawasiliano. Proksi hiyo husaini vyeti kwa mamlaka ya ndani, na kompyuta isiyo na cheti mama cha kampuni haiiamini. Kompyuta mpya, kompyuta ya mkandarasi na ile iliyotoka matengenezo ndizo hukumbwa. Ikiwa Chrome na Edge ni sawa lakini Firefox inalalamika kwa SEC_ERROR_UNKNOWN_ISSUER, kumbuka kwamba Firefox ina hifadhi yake ya vyeti. Washa ImportEnterpriseRoots kwenye sera zake. Mfanyakazi akiwa hotelini au uwanja wa ndege, onyo hilo mara nyingi ni ukurasa wa kujisajili wa Wi-Fi unaojaribu kujipenyeza. Afungue kwanza ukurasa huo wa kujisajili, aingie, ndipo arudi kwenye kazi.

Kinachobaki ni cha nadra na ndicho kinachoogopesha: kuna mtu amejiweka katikati ya kompyuta na tovuti, anasoma mawasiliano. Bofya onyo, tazama cheti kimetolewa na nani. Jina likiwa la proksi yenu au la mtoaji anayejulikana, endelea na uchunguzi wa kawaida. Likiwa jina ambalo hakuna mtu wa mtandao anayelitambua, SIMAMA, usiruhusu nywila yoyote iandikwe kwenye muunganisho huo, na wape timu ya mtandao picha ya cheti.

Jambo moja ambalo dawati la msaada lisilifanye kamwe ni kumwambia mtu abofye "endelea hata hivyo" ili simu iishe. Ukimfundisha hivyo mara moja, siku ya shambulio la kweli atalifanya mwenyewe bila kupiga simu. Sera ya SSLErrorOverrideAllowed ikizimwa, kitufe hicho hakifanyi kazi.

Dalili: "Nimetolewa nje" au "kuna mtu ameingia kwenye akaunti yangu kutoka nchi nyingine"

Anza na mambo ya kawaida, maana ndiyo mengi. Muda wa kikao, yaani kipindi cha kubaki umeingia kwenye mfumo, umeisha. Sera inafuta vidakuzi kila kivinjari kinapofungwa. VPN, yaani njia ya mtandao inayopitia seva ya mbali, imehamisha anwani ya mfanyakazi, na mfumo wa utambulisho (unaothibitisha nani anaingia) unamwona yuko Ulaya ilhali amekaa Mombasa. Linganisha saa ya tukio na saa aliyowasha VPN. Zikilingana, jibu umelipata.

Zisipolingana, chunguza wasifu wa binafsi. Mfanyakazi akiingia na akaunti yake ya Google kwenye Chrome ya kazini na usawazishaji ukawashwa, nywila za kazi alizohifadhi zinahamia kwenye akaunti hiyo, kisha kwenye simu yake na kwenye kompyuta ya nyumbani wanayoichezea watoto. Agosti 2022 Cisco ilieleza kwamba wavamizi walianzia kwenye akaunti binafsi ya Google ya mfanyakazi mmoja, ambamo nywila za kazi zilikuwa zimesawazishwa kutoka kwenye kivinjari. Novemba 2023 Okta, kampuni ambayo biashara yake ni utambulisho, ilisema jina na nywila ya akaunti ya huduma vilikuwa vimehifadhiwa kwenye akaunti binafsi ya Google ya mfanyakazi aliyeifungua kwenye laptopu ya kampuni. Mafaili ya wateja 134 yaliguswa.

Kisa cha Okta kina somo jingine kwa watu wa msaada hasa. Miongoni mwa yaliyochukuliwa kulikuwa na mafaili ya HAR, yale ambayo mafundi huwaomba watumiaji wayatoe kwenye kivinjari ili kuchunguza hitilafu. Faili la HAR linaweza kubeba vidakuzi vya kikao vikiwa hai. Ukiliomba, hakikisha vidakuzi na tokeni vimeondolewa, na ulifute tiketi inapofungwa.

Chanzo cha tatu ni programu ya kuiba taarifa, kama RedLine au Lumma, inayokomba nywila na vidakuzi vyote vya kivinjari kwa muda mfupi. Kidakuzi cha kikao ni kama mhuri unaogongwa mkononi mlangoni pa tamasha: mwenye nao haulizwi tiketi tena, wala hatumiwi namba ya uthibitisho kwenye simu. Waliovamia Electronic Arts mwaka 2021 walisema wenyewe kwamba walinunua vidakuzi kwa dola 10, wakaingia Slack ya kampuni (mfumo wake wa mazungumzo ya ofisi), kisha wakamdanganya mtu wa msaada wa Tehama awape njia ya kuingia kwenye mtandao wa ndani.

Hapa mpangilio wa hatua ndio kila kitu. Kwanza, kutoka kwenye kompyuta nyingine iliyo safi, vunja vikao vyote vya mtumiaji kwenye mfumo wa utambulisho. Microsoft Entra na Google Workspace zote zina uwezo huo upande wa msimamizi. Pili, badilisha nywila, hapo hapo kwenye kompyuta safi. Tatu, tazama kama kuna kifaa kipya cha uthibitisho kilichosajiliwa au kanuni ya kupeleka barua pepe nje, uviondoe baada ya kuvirekodi. Kompyuta ya mfanyakazi inakuja mwisho. Kubadilisha nywila peke yake kunaweza kuacha vikao vilivyo wazi vikiendelea, na kuibadilisha kwenye kompyuta iliyoambukizwa ni kumkabidhi mwizi nywila mpya.

SIMAMA mara tu unapoona kuingia ambako mfanyakazi hakufanya. Tukio hilo si la dawati la msaada tena. Mwite mkuu wa usalama na mwanasheria wa kampuni siku hiyo hiyo, kwa sababu saa inahesabu: kwa Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inadai Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72 tangu kampuni ijue, pale uvujaji unapokuwa na hatari ya kweli ya kuwadhuru wenye data. Tanzania nayo ina sheria yake ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023.

Upande wa sera, RestrictSigninToPattern huruhusu akaunti za anwani ya kampuni pekee kuingia kwenye Chrome, na PasswordManagerEnabled ikizimwa kivinjari kinaacha kuhifadhi nywila. Msizime hiyo ya pili kabla ya kuwapa watu hifadhi nyingine ya nywila iliyo rasmi. Mkiwaacha mikono mitupu, nywila zitahamia kwenye karatasi na kwenye jedwali la Excel.

Dalili: "Ukurasa uliniambia nibonyeze Windows na R, halafu nibandike"

Hii haina ukaguzi mwepesi wa kuanzia. Ukurasa wenye jaribio bandia la "thibitisha wewe ni binadamu" umeweka amri kwenye ubao wa kunakili, na mfanyakazi ameambiwa aiendeshe kwa mikono yake mwenyewe. Uliza swali moja: ulibonyeza Enter? Akisema hapana, mwambie afunge kichupo, anakili neno lolote la kawaida ili kuifukuza amri ile, na anwani ya ukurasa ipelekwe kuzuiwa. Akisema ndiyo, au akisitasita, SIMAMA: mtandao ukatwe, kompyuta ibaki imewashwa, na vikao vyake vivunjwe kama ilivyoelezwa juu. Timu ya usalama itaikuta amri hiyo kwenye ufunguo wa RunMRU katika rejista, unaotunza amri zilizoandikwa kwa Windows na R, ilimradi hakuna aliyeisafisha. Mpokee kwa upole. Mtu aliyefokewa leo, kesho hatasema.

Dalili: "Kivinjari ni cha zamani na hakijisasishi"

Sababu kuu ni kwamba sasisho limeshapakuliwa lakini kivinjari hakijafungwa kwa wiki nzima. Laptopu inalazwa tu na vichupo 60 wazi. Fungua chrome://settings/help, kianzishe upya. Tangu Agosti 2023 Chrome hutoa masasisho ya usalama kila wiki, kwa hiyo kuchelewa kidogo tu ni kuacha mashimo yanayojulikana wazi. Septemba ya mwaka huo huo hitilafu ya CVE-2023-4863 kwenye maktaba ya picha ya libwebp ilikuwa tayari inatumiwa na wavamizi siku kiraka kilipotoka. RelaunchNotification ikiwekwa 2, kivinjari kitamwonya mfanyakazi, kisha kitajianzisha upya muda uliopangwa ukiisha.

Ikiwa kimeanzishwa upya na toleo halijabadilika, tafuta TargetVersionPrefix iliyowekwa zamani ili kukwepa hitilafu fulani na ikasahaulika. Baada ya hapo angalia kama proksi inazuia seva za masasisho, na kama diski imejaa.

Dalili: "Sera mpya haifanyi kazi" au "mfumo wetu wa zamani umekufa"

Kwenye chrome://policy, safu ya hali itaonyesha kosa iwapo thamani imeandikwa vibaya. Bonyeza kitufe cha kupakia sera upya. Kwenye Windows iliyo chini ya Active Directory (mfumo wa Microsoft wa kusimamia kompyuta na watumiaji wa kampuni), endesha kwanza gpupdate /force. Sera hiyo hiyo ikiwa imewekwa kwenye wingu na kwenye Group Policy ya kompyuta (njia ya Windows ya kusambaza mipangilio), Chrome kwa kawaida huitii ile ya kompyuta. Na kama kila kitu ni sawa lakini mfanyakazi bado anafika asikotakiwa, tazama kama ana kivinjari kingine kabisa kwenye folda yake ya vipakuliwa, kisichohitaji kusakinishwa na kisichofuata sera ya mtu.

Mifumo ya zamani iliyojengwa kwa Internet Explorer, iliyostaafishwa tarehe 15 Juni 2022, ifunguliwe kwa hali ya IE ndani ya Edge, ambayo Microsoft imeahidi kuihudumia angalau hadi 2029. Iorodhesheni anwani hiyo moja pekee kwenye orodha ya tovuti za hali hiyo. Akija mkuu wa idara kuomba ulinzi ulegezwe kwa kampuni nzima ili mfumo wake mmoja ufunguke, mpeni orodha hiyo, na mumwombe tarehe ya kuuhamisha mfumo kwa maandishi.